Wenzo, Kabari na Mikono ya Watu: Zana za Kusogezea Magogo katika Nchi ya Karagwe

Tunapohesabu hazina za utamaduni wa taifa letu, aghalabu twaanza na ngoma, hadithi, mashairi na mavazi. Hatukosei. Mwalimu Julius Nyerere alipotangaza, tarehe 10 Desemba 1962, kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, ngoma na nyimbo zilihitaji kutetewa kwanza, kwa kuwa ukoloni ulikuwa umewafundisha vijana wetu kuzionea haya. Hata hivyo, utamaduni wa watu wanaoishi kwa jasho lao haukomei katika uwanja wa ngoma. Umo pia katika namna wanavyolima na kujenga, na katika namna wanavyouondoa mti mkubwa mahali ulipoangukia bila kumvunja mtu mguu.

Katika makala haya tunakusudia kuitazama kazi hiyo ya mwisho, yaani kuviringisha na kusogeza magogo mazito kwa zana za mkono, hasa katika nchi ya Karagwe. Swali letu ni hili: watu walichaguaje zana zao, na ni nani aliyekuwa na haki ya kuchagua? Tutaona kwamba pale mchaguzi wa zana alipokuwa ndiye mbebaji wa mzigo, zana ilichaguliwa kwa busara. Na pale amri ilipotoka kwa mtu asiyeugusa mzigo, mwili wa binadamu uligeuzwa kuwa zana.

Nchi na miti yake

Omurushaka ni mji mdogo wa soko katika Wilaya ya Karagwe, Mkoa wa Kagera. Hapo njia huachana: moja yaenda Kayanga na hatimaye Bukoba, nyingine yaelekea Nkwenda na Murongo, mpakani mwa Uganda, katika sehemu ambayo tangu mwaka 2012 ni Wilaya ya Kyerwa. Jina lenyewe, kwa lugha ya Kinyambo, lina maana ya "kichakani". Ni nchi ya vilima virefu na mabonde yenye kina, yenye migomba karibu na nyumba na majani ya malisho juu ya migongo ya vilima.

Umbo la nchi hiyo ndilo linalotufahamisha tabia ya kazi. Mahali pa tambarare, tatizo la gogo ni kukataa kwenda. Penye mteremko tatizo ni kinyume chake: gogo likishaanza kwenda halisikii la mtu. Kwa hiyo mfanyakazi wa Karagwe alihitaji zana za aina mbili kwa wakati mmoja, za kusukumia na za kuzuilia, na aliyesahau za pili alijuta.

Tukumbuke pia mambo ambayo hayakuwako. Njia zilikuwa za miguu, wala magari ya magurudumu hayakutumika. Ng'ombe wa pembe ndefu, waliosifiwa na kila mgeni aliyefika Karagwe, walikuwa mali, heshima na maziwa. Hawakufungwa nira kuvuta mizigo. Basi kila gogo lililohama lilihama kwa nguvu ya watu, na nguvu hiyo ilibidi itumiwe kwa akili.

Maana ya neno "nyenzo"

Lugha ya Kiswahili imehifadhi historia ya kazi hii katika neno moja. Siku hizi, tunaposema kwamba ofisi fulani "haina nyenzo", twamaanisha fedha, magari na vifaa. Lakini asili ya neno ni nyepesi kuliko hivyo. Wenzo ni mti au chuma kinachotumiwa kuinulia au kusukumia kitu kizito; na miti inayotandikwa chini ya mzigo ili uende kwa wepesi nayo huitwa nyenzo. Watu wa pwani wanaoshua vyombo vyao baharini wayajua hayo vyema. Kwa hiyo kila nyenzo tunayoizungumza katika mipango ya uchumi ina jamaa yake wa kale: mti mnyofu mkononi mwa mtu anayejua mahali pa kuuweka.

Wanafunzi wa sayansi hufundishwa kwamba wenzo una sehemu tatu: egemeo, mzigo na jitihada. Tuchukue mti wa mita 2. Tukiweka jiwe la egemeo sentimita 20 kutoka ncha iliyo chini ya gogo, upande wa mikono unabaki na sentimita 180, yaani mara tisa ya upande wa mzigo. Mtu akisukuma chini kwa nguvu ya kilo 28 anaweza kuinua mwisho wa gogo wenye uzito wa karibu kilo 250. Lakini wenzo hautoi kitu bure. Gogo likipanda sentimita 1, mikono itakuwa imeshuka sentimita 9. Ndiyo maana fundi huinua kidogo, akatia kabari, akahamisha egemeo, kisha akainua tena. Asiye na subira huchukua mti mfupi, akalala juu yake kwa tumbo. Mti ukiteleza, humpiga kidevuni.

Mtumbwi wa pombe

Kazi iliyodai gogo kubwa kuliko nyingi katika nyumba za Karagwe na Buhaya kwa jumla ilikuwa kutengeneza mtumbwi wa kukamulia ndizi. Tunasema mtumbwi kwa sababu kweli chombo hicho hufanana na chombo cha majini: ni gogo nene lililochongwa ndani likawa na uwazi mrefu. Ndizi mbivu hutiwa humo pamoja na majani, zikakanyagwa kwa miguu hata maji yake yatoke. Kisha maji hayo huchujwa, yakachanganywa na mtama uliokaangwa na kusagwa, yakafunikwa kwa majani ya mgomba hadi yachachuke kuwa pombe iitwayo rubisi. Bila mtumbwi hapakuwa na rubisi, na bila rubisi hapakuwa na posa, arusi wala mapatano yaliyokamilika.

Gogo la kutosha kazi hiyo lingeweza kuwa na urefu wa mita 3 na upana wa sentimita 60. Tukikadiria kwamba mita moja ya ujazo ya mti mbichi ina kilo 700, gogo hilo lina karibu kilo 600. Kulipeleka hivyo hivyo hadi nyumbani, kupitia bondeni na kupanda kilima, ni kuwaita watu wengi kwa hatari kubwa. Lakini mchongaji akianza kazi pale pale mti ulipoangukia, akatoa kwa shoka na tezo theluthi mbili za mti, hubaki kilo 200 tu za kusafirisha. Wachongaji wa mitumbwi ya maziwani na ya pwani nao huifuata kanuni hiyo: hukichonga chombo porini, kisha hukikokota hadi majini na kukimalizia huko.

Hapa tunapata fundisho la kwanza kuhusu kuchagua zana. Zana bora ya kusogezea gogo huenda isiwe wenzo wala kamba. Huenda ikawa tezo, kwa sababu yapunguza mzigo kabla ya safari. Ajuaye kazi hujiuliza kwanza, "Je, ni lazima uzito huu wote uende?" Akishajibu, ndipo anapotafuta mti wa kusukumia.

Mti huo nao haukuokotwa ovyo. Msambya, ambao Wahaya na Wanyambo huuita omushambya, ni mti unaonyooka na wenye nguvu, na hutumika kwa nguzo na kwa mipini ya zana. Wenzo mzuri ulitakiwa uwe mnyofu, usio na vifundo, uliokauka kiasi bila kuwa mkavu wa kuvunjika ghafla, na ncha yake ichongwe bapa mfano wa kabari ili ipenye chini ya gogo. Miti ya kutandika ilitakiwa ilingane unene, kwa maana mmoja ukizidi, gogo hupinda njia. Penye udongo laini wa migombani ilipaswa kulazwa miti miwili mirefu mfano wa reli, ili ile ya kuviringisha isididimie.

Chuma kilikokwenda

Mtu anaweza kuuliza: ikiwa watu hawa walijua kufua chuma, kwa nini hawakutengeneza mitaimbo na kulabu za magogo? Swali ni la haki, kwa sababu ujuzi wa chuma katika mkoa wa Kagera ni wa kale sana. Huko Katuruka, karibu na Ziwa Victoria, uchunguzi wa mtaalamu wa mambo ya kale Peter Schmidt ulifunua mabaki ya tanuri za chuma zilizotumika yapata miaka 2,000 iliyopita au zaidi. Karagwe yenyewe ilikuwa na sifa ya pekee. Katika historia ya ufalme huo, aliyoiandika mwanahistoria Israel Katoke na kuichapisha mwaka 1975, na katika masimulizi ya wenyeji, Mfalme Ndagara anakumbukwa kuwa mhunzi. Nyundo na fuawe zilikuwa miongoni mwa alama za ufalme. Henry Morton Stanley, alipomzuru Mfalme Rumanyika mwaka 1876, alionyeshwa nyumba ya hazina iliyokuwa na vitu vya chuma na vya shaba, vikiwamo vinyago vya ng'ombe.

Jibu ni kwamba chuma kilikuwa ghali. Kila jembe liligharimu makaa mengi, na makaa yaligharimu miti na siku za kazi. Chuma kilitengwa kwa mambo yasiyowezekana bila chuma: jembe, shoka, kisu, mkuki, tezo. Kuinua gogo kuliwezekana kwa mti, basi mti ukatumika. Uamuzi huo haukutokana na ujinga. Ulikuwa hesabu ya uchumi, sawa na hesabu ya mkulima wa leo anayenunua msumeno mzuri lakini akajichongea mpini mwenyewe.

Hata hivyo hatupaswi kuipamba historia. Chuma kingine kiliishia katika hazina ya mfalme, kikawa alama ya enzi, huku raia walioitwa kufanya kazi za kasri wakitumia mabega yao. Kinyago cha ng'ombe wa chuma ni kazi ya ustadi mkubwa, na twajivunia nacho. Lakini mhunzi aliyeweza kukipinda chuma kuwa pembe ya ng'ombe angeweza pia kukipinda kuwa kulabu ya gogo, lau mwenye gogo ndiye angekuwa mwenye chuma.

"Mzigo mzito mpe Mnyamwezi"

Usemi huu wa Kiswahili wajulikana na kila mwanafunzi, na wengi huutamka kwa kicheko. Ulizaliwa katika zama za misafara, wakati Wanyamwezi waliposifika kwa kubeba mizigo baina ya bara na pwani. Ndani yake mna sifa, maana wapagazi hao walikuwa watu wa kazi, wajuzi wa njia na wenye kudai haki zao. Lakini mna pia hatari: wafundisha kwamba dawa ya mzigo mzito ni kumtafuta mtu wa kuubeba.

Msafara ulikuwa na kanuni yake: mzigo ugawanywe. Mpagazi mmoja alibeba karibu kilo 30. Hata mashua ya Stanley iitwayo Lady Alice, iliyozunguka Ziwa Victoria mwaka 1875 na kufika Karagwe mwaka uliofuata, ilikuwa imetengenezwa kwa vipande ili watu waweze kuichukua. Gunia, pembe na mashua vyaweza kugawanywa. Gogo la mhimili haligawanyiki bila kupoteza kazi yake. Linapobebwa mabegani na watu wanane mtelemkoni, walio upande wa chini hulemewa zaidi. Na mmoja akijikwaa, sehemu yake huwaangukia wenzake papo hapo.

Utawala wa Wajerumani, na baadaye wa Waingereza, ulizidisha mazoea ya kutumia mwili badala ya zana. Barabara zilichimbwa kwa kazi ya kulazimishwa. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Waafrika kwa maelfu mengi walitwaliwa kuwa wapagazi wa majeshi, wakafa kwa njaa, maradhi na uchovu. Jina la Kariakoo jijini Dar es Salaam ni kumbukumbu ya kikosi cha wapagazi cha Waingereza. Msimamizi aliyepewa watu mia bila malipo hakuwa na sababu ya kufikiri habari ya wenzo. Pale jasho linapokuwa bure, akili husinzia.

Msumeno wa shimo na kulabu ya magogo

Pamoja na wamisionari, waliofungua misheni ya Kashozi karibu na Bukoba mwaka 1892, majengo ya mbao zilizopasuliwa yaliongezeka mkoani, na pamoja nayo kazi ya kupasua mbao kwa msumeno mrefu wa watu wawili, mmoja juu na mmoja chini. Kazi hii ilileta fundisho lingine la busara: ni rahisi kuupeleka msumeno kwenye gogo kuliko gogo kwenye msumeno. Wapasuaji huchimba shimo karibu na mti ulipoangukia. Penye mteremko huweza kujenga jukwaa upande wa chini, na gogo likaviringishwa kutoka juu kwa usawa badala ya kuinuliwa. Hatua ya kuliweka gogo juu ya jukwaa ndiyo yenye hatari kubwa, na hapo kabari ni mlinzi wa maisha.

Sehemu nyingine ya dunia, watu wa kazi hiyo hiyo walifikia jibu jingine. Katika jimbo la Maine, Marekani, magogo yalielea kwa maelfu mitoni, na wafanyakazi waliyageuza kwa wenzo wenye kulabu iliyolegea, iliyoyumba huku na huku. Karibu mwaka 1858, mhunzi Joseph Peavey aliwatazama wakihangaika katika Mto Penobscot, akarudi karakanani na kuifunga kulabu kwa namna ambayo ingepanda na kushuka tu bila kuyumba, kisha akatia ncha kali mwishoni mwa mpini. Zana hiyo yaitwa kwa jina lake mpaka leo. Kulabu hung'ata ganda la gogo, na mpini mrefu humwezesha mtu mmoja kuliviringisha gogo ambalo wawili wangeshindana nalo.

Tumelieleza jambo hili kwa sababu moja. Ufundi wa Peavey haukuzidi ufundi wa wahunzi wa Karagwe. Alichokuwa nacho ni chuma cha kutosha, na wateja ambao walikuwa ndio wenye kuitumia zana. Mhunzi alisimama kando ya kazi akasikiliza kilio cha mikono.

Jinsi ya kuchagua

Msumeno wa mnyororo umeirahisisha kazi ya kuangusha mti, lakini haukuliondoa gogo ardhini. Mikaratusi na misonobari iliyopandwa vilimani bado yahitaji kushushwa hadi barabarani na kupakiwa, na mara nyingi kazi hiyo hufanywa kwa mikono. Gogo bichi la mkaratusi lenye urefu wa mita 4 na upana wa sentimita 40 lina nusu mita ya ujazo, yaani karibu kilo 500. Kwa hiyo yafaa tuweke wazi kanuni za uchaguzi.

Kwa kulibandua gogo lililozama udongoni, mtaimbo wa chuma au wenzo mnene wafaa. Kwa kuligeuza na kuliviringisha mahali pa tambarare, wenzo wenye kulabu ndio bora, na mhunzi yeyote anayeweza kutengeneza jembe aweza kuitengeneza kulabu yake. Kwa safari ndefu ya tambarare, tutandike miti ya kuviringisha, isipungue mitatu, na ule unaobaki nyuma upelekwe mbele. Penye mteremko miti hiyo isitumike kabisa. Hapo gogo likokotwe kwa kamba, na kamba izungushwe kwenye shina la mti uliosimama ili iachiwe polepole, huku mtu wa kabari akiwa tayari ubavuni. Asisimame mtu yeyote upande wa chini.

Kwa kupakia garini, kamba mbili na miti miwili hufanya ajabu. Miti iegemezwe garini kama ngazi. Kamba zifungwe juu, zipitishwe chini ya gogo na kurudishwa juu kwa wavutaji. Ikiwa miti ina mita 3 na gari lina kimo cha mita 1, mteremko peke yake hupunguza nguvu inayohitajika hadi theluthi, yaani karibu kilo 167. Gogo likiviringika ndani ya kitanzi cha kamba, nguvu hiyo hugawanyika tena kwa mbili, ikawa kama kilo 83. Watu wanne watavuta kila mmoja kilo 21, mbali na msuguano, ilhali kuinua kwa mabega kungemdai kila mmoja wao kilo 125.

Hesabu hizi zaweza kufanywa na mwanafunzi wa sekondari kwa penseli na karatasi. Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwaka 1967, ilitaka darasa na kazi vishikane mikono, na Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, likaundwa mwaka 1973 ili ufundi wa zana upate makao katika mikoa. Mwalimu wa fizikia aweza kumwalika mhunzi wa kijijini pamoja na mpasua mbao mzee, kisha wanafunzi wakapima urefu wa wenzo, wakapima gogo, wakatengeneza kulabu na kuijaribu. Humo mna fizikia na historia, na mna heshima kwa wazee ambao maarifa yao hayajaandikwa, nao wanapungua mwaka hadi mwaka.

Wazee wetu walikuwa na wenzo wa mti, kabari, tezo na umoja wa mikono, na kwa hivyo walifanya mambo makubwa. Walipochagua wenyewe, walichagua vizuri; walipolazimishwa, waliumia. Taifa lililo huru linapaswa kuurithi uchaguzi ule wa kwanza. Kabla ya kuwaita watu walizunguke gogo na kuhimizana kwa sauti moja, aulizwe kwanza atakayelisukuma: ni zana gani itakayomrudisha nyumbani mzima?